Mto Alioshona Mkewe

Mpeleka mikate hashuki. Hiyo ndiyo sheria ya kazi, na aliyeitunga sidhani kama aliwahi kukalia baiskeli. Sanduku likishajaa nyuma kwenye keria, ukishuka tu gurudumu la mbele linanyanyuka na mikate yote iko chini. Kwa hiyo unafika dukani, unaegemeza mguu kwenye ngazi, unapiga kengele, mwenye duka anatoka kuchukua mikate yake, nawe unaendelea. Wala husimami juu ya pedeli kwenye mashimo, maana mikate ikirukaruka inabonyea. Unakaa. Tangu alfajiri hadi jua la utosi, unakaa.

Kengele alikuwa amekaa hivyo tangu ujana. Jina lake halisi walilijua mkewe na karani wa kiwanda cha mikate. Wengine wote walimwita kwa ile kengele yake. Sifa yake ilikuwa moja: hajawahi kumwaga mkate. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwanza yalikuwa maumivu. Alirudi nyumbani amechubuka, anakaa upande upande kama mgeni anayetaka kuaga. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Akakata sponji ya godoro kuukuu, akaipanga tabaka juu ya tabaka, akaivika kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, akatia kamba za kufungia chini ya kiti.

"Haya, baba watoto," akasema. "Kaa sasa kama bwana mkubwa."

Akakaa. Maumivu yakaisha. Wenzake wa mikate wakamwonea kijicho, naye akatamba mtaa mzima kwamba kuoa fundi ni kuoa mara mbili.

Kisha ikaja ganzi. Ilianza kama sisimizi, ikatulia, ikawa si kitu tena. Pale katikati, pasipotajwa mbele ya watoto, palikufa kabisa. Angeweza kujifinya akadhani anamfinya jirani. Barabarani aliona nafuu. Lakini ganzi haikubaki kwenye baiskeli, ilipanda naye hadi kitandani.

"Nimechoka," alimwambia mkewe, akageukia ukuta.

Uchovu una siku zake. Ukizidi, mke huanza kuutilia shaka. "Kuna nini, baba watoto?" "Kazi tu." "Kazi ni ile ile ya siku zote." Baadaye akaacha kuuliza, na hapo ndipo Kengele alipoingiwa na hofu. Alimwona akinusa shati lake kabla ya kulifua. Lilinuka mkate. Lakini moyo wenye wasiwasi hautulizwi na harufu ya mkate, unataka kujua huo mkate anaununua nani.

Akafanya kosa ambalo ni yeye tu angelifanya. Akaomba sponji zaidi. Mkewe aliongeza tabaka mbili huku akiimba, kwa furaha kwamba kuna kitu bado mumewe anakihitaji kutoka kwake. Ganzi ikazidi.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na huyu alikuwa hata hana cha kufichua. Akapiga moyo konde, akaenda zahanati. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Kengele akaanza kwa kusema mguu, akapanda hadi kiuno, akakwama hapo.

"Baba, sema tu," akasema binti. "Hutakuwa wa kwanza."

Akasema. Binti akatoka nje kuiona baiskeli, akaubonyeza mto wa kijani kwa kidole.

"Huu ndio unaokumaliza, baba. Ukizama ndani yake, sponji ya katikati inapanda na kubana mishipa. Utoe. Kiti kilale sawa, na uwe unanyanyuka kila mara."

"Nikinyanyuka mikate inabonyea."

"Basi chagua. Hisia zinaweza kurudi. Wengine hazirudi, sikudanganyi."

Sasa utamwambiaje mwanamke kwamba zawadi yake ndiyo iliyokuua? Kengele hakuweza. Aliondoka nyumbani kila asubuhi mto ukiwa umefungwa, akapinda kona, akaufungua na kuuchomeka pembeni mwa sanduku. Ndivyo mkewe alivyomkuta siku alipokuwa akipeleka nguo za mteja: mumewe mguu kwenye ngazi ya duka la mjane mmoja mcheshi, wote wawili wanacheka, na kamba za kijani zinaning'inia kwenye sanduku.

Siku hiyo Kengele alimweleza yote. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, mkasi mkononi.

"Kwa hiyo ni mto wangu," akasema.

"Nakuapia, mama watoto. Kamuulize daktari."

"Nikamuulize binti wa watu kama mume wangu ananitaka?" Akacheka vibaya. "Wanaume nimewasikia wakisingizia mengi. Wa kusingizia sponji, wewe ndiye wa kwanza."

Akaenda kukaa kwa dada yake, na cherehani yake akaichukua. Chini ya dirisha zikabaki alama za miguu ya cherehani sakafuni.

Kengele akaendelea na mikate juu ya kiti kitupu. Wiki zikapita, kisha asubuhi moja gurudumu likaingia shimoni na kitu kikamchoma pale katikati, kikali, chake mwenyewe. Alitaka kulia kwa furaha. Nyumba ya shemeji yake ilikuwa mbele kidogo. Akaegemeza mguu kwenye ngazi, akapiga kengele. Ndani cherehani ikanyamaza. Hakuna aliyetoka. Akapiga tena.

Akashuka.

Gurudumu la mbele likapanda juu, sanduku likafunguka, mikate ikatapakaa barabarani. Mkewe akatoka mlangoni na futi yake shingoni.

"Panauma," Kengele akasema. "Mama watoto, leo panauma!"

Mkewe aliitazama mikate iliyotapakaa. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa heri angekuwa nayo.

"Okota mikate yako, baba watoto," akasema taratibu. "Watu wanapita."

Akaingia ndani. Kengele alipoinama kuokota mkate wa kwanza, alisikia cherehani ikianza tena.