Baba Krismasi Katika Kambi ya Chai

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa ya uyaya, kwenye nyumba ya meneja wa shamba la chai huko Mufindi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwetu Igowole. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la nne misheni na kujiona nimesoma sana. Nililea watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume ambaye bado alikuwa anajikojolea. Nilifundishwa kuwaogesha, kuwavalisha soksi za sufu, kuwachemshia maji ya kunywa. Hakuna aliyenionya kwamba mwezi wa Desemba ningetakiwa pia kuwadanganya.

Siku moja mwezi huo memsahibu, mke wa meneja, alituita barazani, mimi na mpishi. Mpishi alikuwa Mnyakyusa, mzee wa kanisa kwao, aliyewapikia Wazungu mjini Mbeya miaka mingi kabla familia hii haijamleta huku kwenye ukungu.

"Krismasi karibu," memsahibu alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Baba Krismasi nakuja, naleta zawadi. Mtoto kiuliza, ninyi nasema ndiyo, nakuja. Hapana sema ni bwana. Nasikia?"

"Anaingilia wapi, memsahibu?" mpishi aliuliza, uso mkavu kama ubao.

"Bomba la moshi."

"La jikoni au la sebuleni?"

"Sebuleni!" memsahibu alijibu kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo la maana kabisa.

Nilitazama sakafu nisije nikacheka. Wiki ileile alikuwa amemsugua binti yake ulimi kwa sabuni, kwa sababu mtoto alisema hakulamba maziwa ya kopo, kumbe alilamba. Mtoto alilia mpaka akatapika. Uongo ni dhambi mbaya, aliambiwa. Sasa hapo tulikuwa watu wazima watatu, sote tumebatizwa, tunapanga namna ya kumwaminisha mtoto huyohuyo kwamba mzee mnene anapenya kwenye bomba la moshi bila kuchafua kanzu yake.

Tuliporudi jikoni mpishi alikaa juu ya gunia la mkaa, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nimeona mengi kwa hawa watu. Bwana wangu wa kwanza kule Mbeya alikuwa anakunywa kwa kisingizio cha wageni. Huyu nimeambiwa nimwekee keki na bilauri ya mvinyo karibu na moto, ili anywe kwa kisingizio cha mzimu."

Kwetu Krismasi ilikuwa kanisa, nyimbo, gauni jipya ukibahatika, na wali. Aliyekuja alikuwa Mtoto Yesu, naye hakuhitaji kuwekewa keki.

Maandalizi yalichukua siku nyingi kuliko mavuno ya mahindi. Kitambaa chekundu kiliagizwa Iringa mjini, dukani kwa Mhindi, kikashonwa na fundi wa barazani pa duka hilohilo. Ndevu zilitengenezwa kwa pamba ya zahanati ya shamba. Pamba hiyo nilijua habari zake. Mwezi mzima dresa alikuwa akiwafunga vidonda wachuma chai kwa vipande vya shuka, akiwaambia pamba imekwisha. Kumbe ilikuwapo, inangoja kidevu cha bwana.

Laiti wangeishia sebuleni kwao. Memsahibu akapata wazo kwamba watoto wa kambi ya wafanyakazi nao waonje hiyo raha. Bwana angeshuka kambini na gunia la peremende na mipira, akipiga kengele, na binti angekaa garini kumwona Baba Krismasi kwa mbali, ili azidi kuamini.

Nilimwambia. Sikunyamaza. "Memsahibu, watu wataogopa. Mtu wa nguo nyekundu, amefunika uso, ana gunia, anaita watoto. Huku tunaye mtu wa namna hiyo. Anaitwa chinjachinja. Anakamata watu, ananyonya damu."

Alicheka mpaka akanishika bega. "Yaya, Baba Krismasi napenda watoto wote!"

Chinjachinja naye, kwa hadithi tulizokuwa tunasikia, alikuwa anawapenda watoto sana.

Siku ya mkesha, baada ya chakula cha mchana, mvua ilikatika na ukungu ukashuka mpaka michai ya mbali haikuonekana. Tulikaa garini juu kidogo ya kambi, memsahibu mbele, mimi na watoto nyuma, vioo vimejaa mvuke. Binti alikuwa amefuta duara dogo kwenye kioo, ameweka jicho pale. Tukasikia kengele. Kisha bwana akatokea kwenye ukungu, mwekundu mwili mzima, gunia begani, akitoa sauti nzito ya kicheko ambayo hata mimi niliyemjua ilinisisimua mwili.

Halafu mwanamke mmoja akapiga yowe, "Chinjachinja!", na watu wote wakatawanyika. Watoto walizama kwenye michai kama kware. Karani wa shamba, aliyekuwa akivaa tai hata kwenye matope na kutuambia kwamba ushirikina ni wa washamba, alikuwa wa kwanza kuruka mtaro. Bwana, badala ya kusimama, akaona watoto wanacheza naye. Akawakimbilia na gunia lake.

Ndipo bibi mmoja alipotoka jikoni kwake. Alikuwa mjane, anaishi na mwanawe mchuma chai na wajukuu, na mjukuu mmoja alikuwa ameanguka kwenye matope hatua chache mbele ya bwana. Bibi hakupiga yowe. Alikuwa na kijinga cha moto mkononi, akamtandika nacho bwana begani, kisha usoni. Pamba ikashika moto. Bwana akazing'oa ndevu zake kwa mikono miwili huku akitukana kwa Kiingereza, akazitupa chini, akazikanyaga. Hapo wachache waliobaki wakamwona ni nani. Bibi akashusha kijinga chake polepole.

Memsahibu alikuwa ameshageuka na kumfunika binti uso kwa koti lake. "Usitazame, usitazame!" Mtoto alipigana na koti lile. Alipofunuliwa, bwana alikuwa amepotelea kwenye ukungu, na zilizobaki zilikuwa peremende zilizozagaa kwenye tope.

"Wamempiga Baba Krismasi!" binti alilia njia nzima. Mama yake alimbembeleza: Baba Krismasi hana kinyongo, anasamehe watu wote, ameshasamehe. Alirudia maneno hayo mpaka tukafika nyumbani.

Asubuhi ya Krismasi nilikuwa mezani namlisha mdogo uji. Bwana aliingia, kidevu kinang'aa kwa dawa, nyusi moja haipo. Binti aliambiwa baba ameungua kwenye tanuri la kukaushia chai kiwandani. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini cha mezani nilikielewa. Bwana alimwambia mkewe kwamba keshokutwa bibi yule na jamaa yake yote wataondoka kambini, na mwanawe hana kazi tena.

Mkono wangu ulisimama na kijiko. Mpishi, aliyekuwa analeta mayai, naye alisimama mlangoni.

Binti aliweka mkate wake chini. "Kwa nini waondoke?"

"Kwa sababu amempiga..." bwana alianza, akasita.

"Amempiga Baba Krismasi," binti alimalizia. "Lakini Baba Krismasi amemsamehe. Mama amesema. Wewe hajakupiga, baba. Wewe ulikuwa kiwandani."

Bwana alimtazama mkewe. Memsahibu alikuwa mwekundu kuliko kile kitambaa cha Iringa. Neno moja tu lilihitajika, "Nilikuwa mimi," na bwana angepata kisasi chake, ila ule uongo wao wote ungekufa pale mezani kati ya mayai na chai. Nikamwona memsahibu akitikisa kichwa, kidogo sana.

"Basi," bwana alisema. "Wabaki." Akavuta sahani yake, akala kwa upande mmoja wa mdomo.

Mpishi aliweka mayai mezani kwa heshima zote, akarudi jikoni, na muda mfupi baadaye nikamsikia anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Kama mtoto yule alijua au hakujua, mpaka leo siwezi kusema. Nilipomvalisha viatu baadaye nilimtazama machoni, naye akanitazama bila kupepesa, akaniuliza kama kambini kuna watoto waliookota zile peremende. Nilimwambia zilishaokotwa zote, hata za kwenye tope.

Mchana, baada ya ibada, nilishuka kambini. Nilimkuta bibi amekaa mlangoni, mizigo imeshafungwa: masufuria, blanketi, jembe, kuku aliyefungwa miguu. Mwanawe alikuwa amejiinamia, akingoja kufukuzwa. Hawakuwa wamekwenda kanisani wala kupika.

"Kamwene, bibi," nilimsalimu. "Fungua mizigo. Hamwondoki. Mmesamehewa."

Mwanawe aliinua uso, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu zake mwenyewe. Bibi yeye alinikazia macho.

"Nani kanisamehe? Bwana?"

"Si bwana. Baba Krismasi."

"Simjui," bibi alisema. Akamfungua kuku kamba, akamwachia aende. "Na akija tena kukimbiza wajukuu zangu, nitampiga tena."

Kisha akaniambia niingie ndani nisaidie kuwasha moto, maana watoto walikuwa hawajala tangu jana.