Baiti Arobaini na Nne

Soudjay, fundi wa kompyuta hapa sokoni Mahabibo, ni mwoga, na nasema hivyo kwa kumpenda. Huu ni mwaka wa kumi na sita nashona kofia mlango wa pili kutoka kwake. Mtu huyu hafuti hata tangazo la biashara bila kwanza kuweka nakala.

Mwaka 2011 alikuja Roukia, mama wa makamo kutoka Ambondrona, kule Nosy Be, flashi ameifunga kwenye pindo la leso. Ndani mlikuwa na sauti ya baba yake akiwaomba radhi wanawe, siku mbili kabla ya kufariki. Betri ya kinasa sauti ilikwisha kabla hakijamaliza kuhifadhi, na faili likakataa kufunguka popote.

"Usiweke nakala," alimwambia. "Hapa sokoni mnarushiana kwenye simu hata daira za watu, dhikiri zao za faragha. Makosa ya baba yangu yasitoke nje." Akatoa Msahafu mkobani. Soudjay, anayeogopa wateja kuliko nyoka, akaapa.

Nilikuwa nimekaa naye alipoanza. Alinionyesha matumbo ya faili kwenye kioo cheusi: namba mbilimbili, kila jozi baiti moja, mstari baada ya mstari. Baiti arobaini na nne za mwanzo, zile zinazoiambia mashine kuwa hii ni sauti, zilikuwa sifuri tupu. Alitaka kuziandika upya kwa amri iitwayo dd. Amri hiyo haina huruma: usipoiongezea neno notrunc, inaandika ulichotaka kisha inakata vyote vilivyobaki.

Roukia akaenda kuswali adhuhuri. Soudjay jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. Alinitazama, akaweka nakala.

"Mungu anakuona," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Akaandika amri, akabonyeza. Akaangalia ukubwa wa faili: baiti arobaini na nne. Lile neno alilisahau kwa woga wake mwenyewe. Dakika ishirini za sauti ya marehemu zilikuwa zimekwenda.

Akaanza tena na ile nakala. Safari hii aliisoma amri kwa sauti mara tatu kabla ya kubonyeza. Alipomaliza akairudisha sauti kwenye flashi, akafuta nakala ya kwenye kompyuta yake. Roukia aliporudi akavaa spika za masikioni, akasikia kikohozi cha baba yake, akaanza kulia na kumwombea Soudjay dua zote anazozijua.

Soudjay si angenyamaza tu! Nilimkanyaga mguu. Lakini kila dua ilimzidishia woga, mpaka akaeleza yote: kiapo, nakala, lile neno.

Niliogopa Roukia atamlaani mbele yangu.

"Kiapo ni chako na Mungu wako. Lisha maskini kumi, ndiyo kafara yake," alisema. Akaisogeza flashi mezani kwa ncha ya kidole, anaogopa hata kuishika. "Sasa niwekee nakala. Niwekee mbili."