Angèle na kelele za saa sita

Angèle ni fundi wa redio hapa Majengo, na mimi, Mama Masika, nauza makala ya kupikia, yaani mkaa, pembeni ya meza yake, mwaka wa saba sasa. Mimi nasema sana, yeye hasemi. Ila akikosea anakiri amekosea, na mafundi wengi wa mji huu hawaliwezi hilo hata uwanunulie bia.

Muzee Ntirenganya alimletea redio yake mara tatu. Alikimbia kijiji chake cha Kibumba wakati wa vita, wakapotezana njiani na binti yake Uwitonze. Kila siku saa sita ya mchana alikuwa anasikiliza matangazo ya watu wanaotafutana, na kila siku saa hiyo redio ililia kama mafuta ya moto, asishike hata jina moja. Mezani kwa Angèle ilisema vizuri. Mara ya tatu nilimcheka, nikamwambia kosa liko kwa masikio yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

"Jioni nayo inalia, muzee?" Angèle akamuuliza.

"Hapana, mama. Jioni iko muzima."

Angèle akafunika meza yake, nami nikamfuata hadi chumba alichopewa muzee. Kumbe nyuma ya ukuta kuna Munyaneza, anachaji simu za watu kwa umeme wa jua tangu asubuhi hadi saa kumi na moja. Kile kisanduku chake cha kugeuza umeme wa betri kilikuwa cha bei ya chini, na nyaya zake ndefu zilipita juu ya kitanda cha muzee. Angèle akamwomba akizime kidogo. Kelele zikaisha. Akakiwasha, zikarudi.

"Siwezi kukizima kila siku," Munyaneza akasema. "Watoto wangu wanakula hapa."

"Nipe dakika kumi tu, papa," Angèle akamwambia.

Alitoa mfukoni pete nyeusi aliyoitoa ndani ya kompyuta iliyokufa, akaizungushia waya mmoja wa kile kisanduku. Munyaneza akawasha: pete ikalemewa na umeme, kelele palepale. "Nimekosea," Angèle akasema, akaufungua ule waya. Safari hii alishika nyaya zote mbili pamoja, akazizungusha upande mmoja, mara kumi na mbili. Akanieleza huku mikono inafanya kazi. Umeme wa kuchaji unaenda kwa waya huu na kurudi kwa ule, kwa hiyo ndani ya pete unajifuta na kupita bila shida. Kelele zinatembea upande mmoja katika nyaya zote mbili, na hizo ndizo pete inazikaba.

Redio ikabaki na mkwaruzo mdogo tu, na simu zikaendelea kuchaji. Saa sita ilikuwa imefika. Tukakaa kitandani watatu, muzee katikati.

Mtangazaji akasoma majina. La nne lilikuwa la Uwitonze, aliye Kalengera, anayemtafuta baba yake Ntirenganya wa Kibumba. Anamngojea kwa masista hadi kesho.

"Tangazo hili tumelisoma siku kumi na moja," akaongeza. "Leo ni mara ya mwisho."

Siku kumi na moja mutoto alimwita, na baba alikuwa amekaa pale pale, redio mkononi. Nilishindwa kumtazama. Angèle alikwisha toka nje hadi barabarani kusimamisha pikipiki ya kumpeleka, na muzee alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya kitanda.