Kericho Ilikuwa Chini Yetu, Nikakataa Kushuka

Leo nimekataa kutua, na mtu hakumpata mama yake akiwa hai.

Mimi ni rubani wa ndege ndogo. Abiria alikuwa mmoja tu, Kiplangat, kijana wa Kabianga, karibu na Kericho. Mama yake alikuwa mahututi nyumbani.

Tulipofika juu ya Kericho, wingu lilikuwa limefunika mashamba yote ya majani chai. Nikashuka kidogo niangalie.

Ghafla miti ya mikaratusi ikatokea mbele yetu. Karibu kabisa!

Nikapandisha ndege. Niliogopa, wacha niseme ukweli.

“Kapteni, kiwanja kiko hapo tu. Jaribu tena mara moja, tafadhali.”

“Sikioni, ndugu yangu. Tunaenda Kisumu.”

Alilia mpaka tukatua. Huko akakodi gari, akaondoka mbio.

Jioni akanipigia simu.

“Kapteni, mama ametuacha. Nimeshika mkono wake ukiwa bado na joto.”

Nikasema pole. Nikangoja anilaumu.

Akaniuliza kama mimi nimefika nyumbani salama.

Niko hapa kwa kitanda, hata viatu sijavua. Najua nilifanya sawa. Marubani wenzangu, hii kitu huisha aje?