Wagonjwa Walioambiwa Wametikisika

"Shangazi, kwani ndani ya kompyuta kuna nini cha kumfanya mtu atapike?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake, wa darasa la pili, amesimama mlangoni pa bafu na mswaki mdomoni. Shangazi alikuwa ameinamia sinki, ameling'ang'ania bomba kwa mikono miwili. Alisukutua, akatema, akajifuta mdomo kwa mkono wa blauzi, yeye ambaye hata taulo safi huinusa kwanza kabla ya kuigusa.

"Maliza kupiga mswaki," akasema.

Ili umwelewe, ujue kwanza kwamba kazini aliitwa Dada Spiriti. Hakuwa muuguzi. Aliandika programu katika ofisi ya kompyuta ya hospitali, ila kila asubuhi, kabla hajakaa, alitoa mkobani kichupa cha spiriti na pamba, akafuta kibodi, akafuta kipanya, akafuta mpaka kitasa cha mlango.

"Dada Spiriti, na mimi nifute basi, nina vidudu," wenzake walimtania.

"Wewe hata nikikuloweka wiki nzima hutakati," alijibu bila kugeuka.

Na hakuwa na makosa. Chumba cha seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyotunza picha zote za eksirei za hospitali, kilibanwa kati ya chumba cha dobi na stoo. Unyevu wa mashuka ya wagonjwa ulipenya ukutani, ukaacha ramani za kahawia. Nyuma ya seva kulikuwa na vikombe vilivyoota ukungu wa kijani na maganda ya ndizi yaliyokauka kama ngozi ya kiatu. Na mende! Mende wa pale hawakukimbia hata taa ikiwashwa. Walimtazama tu mtu, kama walinzi wenye ajira ya kudumu.

Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa mtafuna karanga. Maganda yake ungeyakuta popote alipopita, na watu walimwita Zima-Washa, kwa sababu dawa yake ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Seva ilikuwa na tabia ya kuzimika ghafla, skrini za hospitali nzima zikawa nyeusi, na simu zikaanza kulia.

"Mkuu, imezimika tena."

"Zima, washa."

"Imeshajizima yenyewe."

"Basi nusu ya kazi imefanyika. Washa."

Wengine walisingizia joto, wengine vumbi. Dada Spiriti alisingizia mende. Akavaa glavu, akaziba pua kwa kitambaa, akakisugua chumba kile kuanzia darini hadi sakafuni. Vile vikombe hakuviosha, alivitupa na ukungu wake. Chumba kikang'aa hadi mtu anaona aibu kuingia na viatu. Kesho yake, seva ikazimika.

Pengine angezoea, kama wenzake walivyozoea, lau kaka yake asingelazwa.

Kaka alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa kutembea juu ya boriti huku anapiga mluzi. Uvimbe ulimwota kando ya uti wa mgongo, na mguu wa kushoto ukaanza kuwa kama mguu wa mtu mwingine, anauona lakini hausikii. Daktari wa upasuaji, mama mfupi asiyetaka mzaha, alisema lazima autoe upesi kabla mguu haujafa kabisa. "Lakini mimi sipapasi," alisema. "Picha ziwe mbele yangu mwanzo mpaka mwisho. Bila hivyo sishiki kisu."

Kaka akapelekwa, akalazwa mezani, akafunikwa. Kabla hawajamlaza usingizi, skrini ikawa nyeusi. Wakamrudisha wodini kama kifurushi kilichokosewa anwani. Seva ilipowashwa, picha zake hazikuwamo. Akaambiwa zipigwe upya, eti zile za kwanza zilikuwa na ukungu kwa sababu alitikisika.

"Kaka nawe," Dada Spiriti akamfokea pale pale kitandani, "kulala kimya dakika chache kumekushinda?"

"Sikutikisika," kaka akasema. "Mguu wenyewe siusikii, nitikisike na nini?"

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Siku zilizofuata aliacha kuikagua mashine, akaanza kuwatazama watu. Akaona kwamba seva ilipenda kuzimika wakati wa kubadilishana zamu. Akavuta kiti, akaketi kando ya karani wa picha, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata.

"Hebu nionyeshe unavyofunga zamu."

"Kirahisi tu, dada. Picha mpya zote nazitia kwenye folda inayoitwa LEO. Nikimaliza zamu, LEO naibadilisha jina inakuwa JANA. Ile ya JANA inakuwa JUZI. Halafu natengeneza LEO mpya kwa anayekuja."

"Hata kama daktari anaitazama picha iliyomo?"

"Kwani inamdhuru nini? Si jina tu?"

Hapo shangazi akaelewa. Ndani ya kompyuta kuna programu inayojua kila faili limewekwa wapi, kama mtunza stoo. Daktari akifungua picha, mtunza stoo huyo anatakiwa kutia kufuli ili asitokee mwingine wa kuihamisha rafu wakati mkono wa mtu bado umo. Karani alikuwa akiihamisha rafu. Mtunza stoo anarudi mahali pa zamani, anakuta hewa, anachanganyikiwa, anaanguka na stoo yote.

Lakini kufuli ilikuwa wapi? Akaifungua programu yenyewe, akaisoma mstari kwa mstari. Palipotakiwa kufuli palikuwa patupu. Akamwendea Zima-Washa.

"Mkuu, nani aliondoa kufuli?"

"Mimi," akasema, hata aibu hana, karanga shavuni. "Siku tuliyowaonyesha wakubwa, mashine ilikuwa inajikokota. Nikaitoa, ikapaa. Walipiga makofi, we acha tu."

"Na ikizimika?"

"Inawaka tena. Na ikiwaka inajisafisha, niliiandikia mimi. Picha iliyokatika mtu akiwa anaitazama inafutwa, na kwenye taarifa inaandika hakuna tatizo."

"Inafutwa. Halafu mgonjwa anaambiwa nini?"

"Kwamba ametikisika." Akacheka kidogo. "Watu hawabishi. Nani ana uhakika kama hakutikisika?"

Vikongwe, watoto, wajawazito, watu waliovunjika mbavu, wote walirudishwa kwenye mashine wakiomba radhi kwa kosa wasilolifanya. Alikumbuka ukungu wa vile vikombe, akaona afadhali ukungu.

Zima-Washa alimwona uso ulivyombadilika, akashusha sauti kama mjomba mwema. "Sikiliza, mdogo wangu. Najua una mgonjwa. Kurekebisha vizuri ni kazi ndefu, na wakubwa watauliza maswali. Siku ya kaka yako tutamwambia karani asiguse chochote. Atapasuliwa salama, yamekwisha."

"Na wa kesho yake?"

"Wa kesho yake naye ana dada yake."

Alinyoosha kiganja kumkaribisha karanga. Shangazi aliondoka, akaenda nyumbani, na hiyo ndiyo jioni ya sinki.

Asubuhi yake alifika kabla ya wote, hakufuta hata kibodi. Alirudisha kufuli. Akaijaribu kwenye kompyuta ya pembeni, na kila kitu kikaganda. Daktari wa bandia wa lile jaribio alikuwa anamngoja karani, karani anamngoja daktari, kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe, na hapiti mtu. Karibu alie. Akaandika upya, safari hii kwa utaratibu mmoja: kila mtu, awe daktari au karani, achukue kwanza ufunguo wa nje, wa folda, ndipo wa ndani, wa picha. Foleni ikatembea. Kisha akaing'oa ile programu ya kujisafisha, yote, kama anavyong'oa unywele kwenye sabuni.

Zima-Washa alimkuta anaiweka kwenye seva. "Ikizimika sasa kila mtu ataona!"

"Ndiyo," akasema. "Waone."

Siku ya upasuaji hakumwambia karani asiguse. Alikuwa ameijaribu vya kutosha, na alimtaka karani afanye kama siku zote. Kaka akiwa mezani na picha zake mpya zikiwa ndani ya LEO, zamu ikaisha. Karani akataka kubadilisha LEO iwe JANA. Kompyuta ikamwambia subiri, kuna msomaji. Akasubiri huku akinyoosha kola, na kule ndani daktari hata hakujua. Uvimbe ukatoka. Mguu ulirudi polepole, kwanza vidole, kisha unyayo. Kaka alipanda tena mapaa, ila mluzi aliupunguza.

Usidhani Zima-Washa aliaibika. Aliandika taarifa ndefu kwamba ofisi yake, chini ya uongozi wake, imeondoa tatizo sugu, akapandishwa cheo. Wagonjwa walioambiwa wametikisika hawakuambiwa lolote. Shangazi aliliuliza hilo kwenye mikutano mpaka wakaacha kumwalika.

Yule mtoto wa mswaki sasa yuko sekondari na anajifunza kuandika programu. Juzi shangazi alikuwa anamwonyesha jinsi ya kutia kufuli, naye akauliza tena: siku ile ulitapika kwa sababu ya yule mzee wa karanga, siyo?

Shangazi alifuta kibodi ambayo ilikuwa imeshafutwa.

"Yule alinichefua tu, na mtu hatapiki kwa sababu ya mwingine," akasema. "Aliponiambia wa kesho yake naye ana dada yake, nilimjibu sawa. Nilisema sawa, mwanangu, na karanga zake nikala."