Baba Alivyonichagulia Chuo cha Urubani

Baba ni mfugaji wa Kishapu, na hajawahi kununua dume kabla ya kuliona likitembea. Nilipopata vyuo viwili vya urubani, alisafiri nami kwenda kuvikagua.

Cha kwanza kilikuwa na ndege tano zinazong'aa. Baba akauliza huwa zinaugua nini. Mwalimu akacheka, akasema haziugui. Baba akavaa kofia yake, tukaondoka. Nilinuna njia nzima.

Cha pili kilikuwa na ndege moja. Mwalimu alimpa shikamoo, akafungua daftari la matengenezo, akamsomea kila ubovu tangu ndege ifike. Baba akasema nitasoma hapo.

Miezi minane ya kwanza sikuruka, maana ndege ilikuwa gereji. Baba alipiga simu kila Jumapili, kuuliza mgonjwa anaendeleaje.