Mpishi wa Nyota Tano na Wateja Wenye Kiu

Asubuhi, jua likiwa halijafika dirishani, pua ya Mama Mchuzi iko ndani ya kopo la kahawa.

Anavuta pumzi. Anasubiri. Anatikisa kichwa. Anafunga kopo hilo, anafungua la karafuu, anaingiza pua tena kama mtu anayechungulia kisima alichodondoshea ufunguo. Halafu ndimu iliyokatwa. Halafu siki, ile kali inayowaliza watu wazima.

"Hakuna kitu," anasema. "Ni kama kunusa ukuta."

Nyuma yake sufuria tatu zinatokota. Jiko hili liko nyuma ya mgahawa wenye meza kumi na nne na feni moja inayozunguka ikijisikia. Mama huyu wa miaka hamsini na mbili amepika hapa karibu miaka ishirini. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho. Watu wengine wote wanamwita Mama Mchuzi, hata mume wake, hata daktari.

Miezi miwili iliyopita, mbele ya ukumbi uliojaa watu wanaokula, alipata mshtuko ambao mpaka leo akiusimulia anashika kifua.

"We acha tu," anasema. "Kuna kuaibika, halafu kuna kile kilichonipata mimi."

Yote yalianza na mafua. Mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na kufunga kitambaa kichwani.

"Mafua yenyewe yaliondoka, lakini yaliondoka na pua yangu," anasema. "Siku moja nakunywa kahawa, nikadhani mtu kanichotea maji ya kuoshea vikombe. Nikatafuna kitunguu kibichi. Sikusikia kitu. Nikakaa chini pale kwenye gunia la mchele nikalia, maana kitunguu machozi kinatoa, ladha ndiyo hakina."

Hakumwambia mtu. Mume wake, fundi ujenzi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na mgongo wake haujawahi kurudi sawa. Watoto wawili bado wako shule. Mshahara wa jikoni ndio unaolipa kodi ya nyumba, ada na dawa ya kuchua.

"Mpishi asiyesikia ladha ni kama kinyozi kipofu," anasema. "Nani atampa kichwa chake?"

Kilichomwokoa, au alichodhani kimemwokoa, ni nyota.

Wakati huohuo Bosi, kijana aliyerithi mgahawa kwa mama yake, alikuwa ameanzisha mambo ya pointi. Kila meza iliwekewa kibao: TOA MAONI, PATA POINTI. Mteja anachukua simu, anaingiza namba yake, anatoa nyota kuanzia moja mpaka tano, anaandika neno. Pointi zikifika mia tano, anakula robo kuku bure.

Kila siku baada ya watu wa mchana kupungua, Bosi alisimama mlangoni mwa jiko na kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"'Mchuzi wa leo wa kuotea mbali! Nyota tano.' 'Mama Mchuzi, mikono yako ibarikiwe. Nyota tano.' Sikiliza hii: 'Nimelamba sahani mpaka maua yake yamefutika.' Tano, mama! Tano!"

Wengine jikoni walicheka. Mama Mchuzi alisikiliza ameshika mwiko kwa mikono miwili, kama mgonjwa anayesomewa majibu ya vipimo.

"Nikasema, basi, ulimi umekufa lakini mkono unakumbuka," anasema. "Zile nyota ndizo zikawa ulimi wangu. Nyumbani nilikuwa nalala vizuri kwa sababu ya nyota."

Kuna jambo hakulijua. Chini ya kile kibao kulikuwa na maandishi madogo: nyota tano, pointi hamsini, pungufu ya hapo, pointi tano. Wahudumu nao waliwekewa posho, kidogo kwa kila nyota tano iliyotoka kwenye meza zao. Yeye ni mtu wa jikoni. Ukumbini alikuwa anaingia kwa nadra, na akiingia hasomi vibao, anatazama kama sakafu imepigwa deki.

Sasa tuje kwenye chumvi.

Jikoni kwa Mama Mchuzi kuna sheria moja ambayo hata Bosi haivunji: chumvi ni ya mkono mmoja. Mwingine anaweza kukata nyama, kuchambua mchele, hata kukoroga. Chumvi anaweka yeye. "Ikiwekwa na wawili, sufuria inakuwa haina mwenyewe," anasema. Wala hatumii kijiko. Kwa sufuria kubwa ni viganja viwili vilivyojaa, na huo ndio mwendo tangu siku ya kwanza.

Lakini ile miaka yote ilikuwa chumvi ya mawe, yenye chembe kubwakubwa zinazoachiana nafasi. Wiki chache baada ya mafua, gunia likaisha, duka walilozoea likawa limefungwa, ikaletwa chumvi ya pakiti, laini kama unga. Hiyo haiachi nafasi. Inajaza kiganja mpaka kwenye mistari.

Mkono ulikuwa uleule. Viganja vilikuwa viwili vilevile.

"Na kwa vile nilikuwa sijiamini," anaongeza kwa sauti ya chini, "juu yake nikawa natia kidogo cha wasiwasi."

Hivi kweli hakuna aliyeonja? Wafanyakazi wa hapa hula mkate na chai, chakula cha sufuria ni cha wateja. Mhudumu mmoja, anayeitwa Sahani Sita kwa sababu ndizo anazoweza kubeba kwa mkupuo, anakiri kwamba yeye alionja.

"Nilichovya kidole, mama," anamwambia, akisimama mbali kidogo. "Nikanywa bilauri mbili."

"Na hukusema!"

"Ningesemaje? Mwaka juzi nilisema supu imepooza, ulinikimbiza na mwiko mpaka kwa muuza magazeti. Halafu nyota zilikuwa zinamiminika. Nikasema labda ulimi wangu ndio umeharibiwa na sigara." Anakuna kisogo. "Na ile posho nayo, mama, ilikuwa tamu. Hiyo haikuwa na chumvi nyingi."

Bosi naye aliona kitu, akakisoma vibaya. Maji na soda vilikuwa vinauzwa mara mbili. Sahani zilishuka, kutoka mia na ishirini hivi kwa siku mpaka sabini na kitu.

"Nikasema ni joto," anasema. "Joto likizidi watu hawali, wanakunywa. Hesabu ilikubali kabisa! Nikaongeza friji."

Aliyelifichua jambo hili ni fundi viatu anayefanyia kazi barazani, hatua chache kutoka mlangoni. Amekula hapa mchana tangu enzi za mama yake Bosi. Wakati chumvi inabadilishwa alikuwa safarini, ameenda kumuuguza kaka yake, akakaa huko karibu mwezi. Simu yake ni ya tochi, ya kupiga na kupokea. Haijui nyota, na nyota haziijui.

Siku aliyorudi aliagiza wali maharage, akala vijiko viwili, akasimama na sahani yake akaenda mpaka kwenye dirisha la jiko.

"Dada, habari za siku nyingi. Ng'ombe wako wapi?"

"Karibu tena, fundi. Ng'ombe gani?"

"Hao uliowawekea chumvi ya kulamba. Nadhani nimepewa sahani yao."

Mama Mchuzi akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, rudi kwenye gundi yako. Gundi imekuua ulimi. Watu wananipa nyota tano, wewe unaniletea ng'ombe?"

"Nyota sijui. Mimi najua koo langu. Dada, umemkasirikia nani?"

Angeishia hapo, pengine siri ingeendelea. Lakini Mama Mchuzi hakuishia hapo. Alichukua upawa, akamshika fundi mkono, akaingia naye ukumbini katikati ya meza, saa ile ya mchana ambayo viti havitoshi.

"Jamani samahani, mnakula," akasema kwa sauti. "Huyu fundi anasema chakula changu ni chumvi tupu. Nyinyi ndio mnaonipa nyota. Naomba mumwambie."

Hakuna aliyemwambia.

Feni ilizunguka. Mtu mmoja alimeza maji, na watu wote walisikia yanavyoshuka. Waliobaki walitazama sahani zao kana kwamba wameletewa mtihani.

"Mbona mmenyamaza? Wewe mwalimu, si uliandika mikono yangu ibarikiwe?"

Mwalimu akafuta miwani.

Ndipo macho ya Mama Mchuzi yakafika nyuma ya nguzo. Alikuwepo shemeji yake, mume wa mdogo wake, kijana mnene mwenye maneno mengi, amejikunja nyuma ya chupa mbili za maji.

"Shemeji! Na wewe umo? Haya sema, wewe ni wa nyumbani. Juzi uliandika nini?"

"Niliandika... tamu, shemeji."

"Ilikuwa tamu?"

"Shemeji, tungeongea nyumbani."

"Ilikuwa tamu?"

Shemeji akaweka kijiko chini. "Nilikuwa nimebakiza pointi hamsini tu nipate robo kuku."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Kicheko cha watu waliokamatwa kwa pamoja. Mmoja akapaza sauti, "Mama, ukitoa nne unapewa pointi tano, nani ana muda huo?" Mwingine: "Mimi robo nimeshakula mbili!" Upawa ulimponyoka Mama Mchuzi ukagonga sakafu, na kicheko kikakatika.

Msichana mmoja wa meza ya dirishani akauliza, kwa upole na bila ubaya wowote, "Lakini mama, kwani huwa huonji?"

Mama Mchuzi anasema swali hilo lilimwingia kama maji ya barafu mgongoni. Angeweza kudanganya. Bosi alikuwa ameshatoka nyuma ya meza ya fedha, amesimama, mdomo wazi.

"Siwezi," akajibu. "Tangu mafua yale sisikii ladha. Nilikuwa nawategemea nyinyi."

Shemeji yake aliinama mpaka paji la uso likagusa chupa.

Jioni ile Bosi alimwambia akapumzike nyumbani kwanza, atamwita. Kila mfanyakazi anajua maana ya "nitakuita." Alibeba aproni yake na mwiko wake, akaenda nyumbani, akamweleza mume wake kitandani. Mume akasema, "Mimi mgongo, wewe pua. Tukiungana tunapata mtu mmoja mzima." Walicheka, halafu wakakosa usingizi.

Kesho yake mgahawa ulifungwa. Bosi alitaka kusugua sufuria na sakafu, kumwaga kilichobaki na kutafuta mpishi mwingine. Mlango ulikuwa na kufuli kutwa nzima, moto haukuwashwa.

Jioni simu yake ikalia. Maoni mapya matatu. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Moja lilisema, "Leo Mama Mchuzi kanikosha roho, wali wa moto."

"Nilikaa chini kwenye sakafu ileile niliyokuwa naisugua," Bosi anasema, na bado macho yanamtoka. "Kufuli liko mlangoni! Nilikuwa namfukuza mtu kwa sababu ya ulimi, na huku mimi mwenyewe nimenunua ndimi za watu mia nne na zote zimekufa. Angalau yeye alikuwa na mafua."

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi nyumbani kwa mpishi wake akiwa na mkate na uso wa aibu.

"Mama, rudi jikoni."

"Na pua?"

"Pua tutaiazima."

Kwanza alimpeleka kwa daktari. Daktari alisema hisia inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza isirudi. Anuse vitu vikali kila siku, bila kuchoka, aikumbushe pua kazi yake. Ndiyo yale makopo ya asubuhi. Chumvi inapimwa kwa kikombe sasa, ingawa anaweka yeye, mkono mmoja, sheria ni sheria. Kile kibao kimebadilishwa: pointi ni zilezile, uwe umesifu au umelalamika. Posho ya nyota imefutwa. Sahani Sita amenuna hadi leo.

Wiki ya kwanza ilikuwa kilio. "Choo hakina sabuni." "Feni inapuliza meza moja tu." "Kuku wa bure mliyenipa mwezi jana alikuwa amekufa kwa uzee." Nyota zilishuka mpaka tatu na kitu, na Bosi alitaka kurudisha kibao cha zamani. Mama Mchuzi alimnyang'anya simu. Sahani zimeshapita mia tena, na friji la pili limeuzwa.

Saa nne inagonga. Fundi viatu anaingia jikoni akifuta mikono kwa kitambaa cha gundi. Mama Mchuzi anachota maharage, anapuliza, anamkabidhi kijiko. Halafu anamtazama usoni, hasa pale kwenye pembe za mdomo, bila kupepesa.

Fundi anatafuna. Anatazama dari. Anajua anatazamwa, na anachelewesha makusudi.

"Sema basi, mzee!"

"Imepooza kidogo."

Mama Mchuzi anaongeza chumvi kidogo kwa ncha za vidole, anakoroga, anachota tena.

"Hapo sasa. Usiguse." Fundi anarudisha kijiko. "Lakini dada, mpishi mkuu wa kuonja, kila siku, hata sahani ya mchana sipewi bure?"

"Utalipa kama wengine."

"Hata nusu?"

"Hata nusu. Nikikupa bure, fundi, kesho utaanza kunisifu." Anafunika sufuria, anavuta kopo la kahawa, analifungua kwa mara ya pili leo. "Ila siku pua yangu ikirudi, nakupikia kuku mzima, bure. Siku hiyo nidanganye unavyotaka."

Anaingiza pua ndani ya kopo, anafumba macho, anavuta.